Dogo ni Msabato hagusi kitimoto, skeni imesema ana tegu kichwani. Imekaaje hii wakuu?

Seremala_Mby

Wakuu habari za muda huu. Naomba wenye uelewa mnisaidie maana hapa nilipo kichwa changu chenyewe hakiko sawa. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, tunaishi wote huku Mbeya mwaka wa tano sasa, tumepanga vyumba viwili, yeye yuko gereji mimi nafanya useremala. Dogo hajawahi kuumwa kitu cha maana, mwezi wa nne hapo ndo akaanza kulalamika kichwa nikamwambia acha kulala na simu unywe maji. Sasa wiki tatu zilizopita yuko gereji amechuchumaa anafungua nati za tairi, ghafla mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, akawa anautazama tu kama sio wake, alafu akadondoka mwili mzima unatikisika, povu, akajikojolea. Wenzake wakakimbia, alibaki mmoja tu.

Nikapiga simu nyumbani. Bi mkubwa akasema hilo ni la ukoo wa baba, mjomba naye akadakia kuna mganga anamjua anataka mbuzi mweusi na laki mbili. Nikagoma, tukaenda hospitali, wakaandika CT skeni, hela tumechangishana mpaka kijiwe cha bodaboda wametoa. Majibu yametoka: kichwani kuna vifuko vinne, vitatu vimeshakauka vinaonekana vyeupe kama chokaa, kimoja bado kina maji na pembeni yake ubongo umevimba. Daktari akasema hii ni minyoo ya nguruwe, tegu. Foleni ilikuwa ndefu, akatuandikia dawa za kifafa akasema turudi Alhamisi kumwona bingwa, basi.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Dogo ni Msabato. Sio Msabato wa jina, Msabato kabisa, toka ana miaka 15 hajaonja kitimoto, hata sufuria niliyopikia hiyo nyama haigusi, ilibidi nimnunulie lake. Mlaji ni mimi, Jumamosi yeye yuko kanisani mimi niko na kilo yangu na ndizi. Kama ni minyoo ya nguruwe si ingenipata mimi?? Au skeni wamechanganya majina? Na tumboni imepandaje mpaka kichwani?

Mtoto wa Getini

Ndo maana hiyo nyama ikaitwa mdudu, walioipa jina walijua 😂😂

Pole lakini mkuu, natania. Ila hata yule Kennedy wa Marekani, huyu waziri wao wa afya, gazeti la New York Times mwaka 2024 liliandika kuwa aliwahi kusema daktari alimwambia kuna mnyoo uliingia kichwani ukamla kipande cha ubongo ukafia humohumo. Kwahiyo dogo yupo na vigogo.

Binti Pangani

Pole sana kaka Mwenyezi Mungu amponye. Mimi nasema siku zote, aliyeharamisha nguruwe alijua analolifanya. Huku kwetu Tanga hayo maradhi hatuyajui kwasababu hatuli. Huyo dogo labda anakulaga kwa kificho, vijana hawa nyie waacheni tu.

Tabibu wa Zahanati

Mkuu Seremala pole, na hongera kwa kugomea mbuzi mweusi. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi vijijini huko nyanda za juu miaka kadhaa, hawa wagonjwa nimewaona. Ngoja nikuandikie kwa kirefu kidogo maana hapo kwenye "hali nguruwe kapataje" ndipo watu wengi wanapopotea, hata sisi wenyewe wa afya wengine.

Tegu wa nguruwe anaingia kwa binadamu kwa njia mbili na kila njia ina ugonjwa wake. Ya kwanza unakula nyama ya nguruwe yenye vile vifuko ambayo haijaiva. Kifuko kinafika utumboni kinajishikiza, baada ya kama miezi miwili kimeshakuwa tegu mkubwa, bapa kama utepe, anaweza kuzidi mita mbili, anakaa humo miaka na mwenye nyumba hana habari, pengine tumbo kuunguruma kidogo tu. Huyo mtu kichwa chake kinaweza kuwa safi kabisa. Ana tegu tumboni, basi.

Ila tegu huyo anakatika pingili kwa mkiani, zinatoka na choo, na pingili moja inaweza kubeba mayai mpaka elfu hamsini. Hapo ndo njia ya pili inapoanzia. Mtu mwingine akiyameza yale MAYAI, iwe kwenye mboga mbichi, maji, au mkono wa aliyetoka chooni hakunawa, mayai yanaanguliwa tumboni, kiluwiluwi kinatoboa ukuta wa utumbo kinaingia kwenye damu, damu inakipeleka inakoenda: kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Hakipandi kwa miguu, kinasafirishwa. Kikifika kinajijengea kifuko. Kwa kawaida aliyetakiwa kumeza hayo mayai ni nguruwe ili yeye ndo abebe vifuko, sasa binadamu akiyameza anakuwa amekaa kwenye kiti cha nguruwe.

Kwahiyo nisamehe kwa lugha, dogo wako hajala nguruwe, dogo kala mavi ya mtu mwenye tegu. Punje ndogo isiyoonekana kwa macho.

Dada Binti Pangani hapo dini haina kosa ila hesabu uliyopiga siyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule New York walipatikana watu wanne kwenye jumuiya ya Wayahudi wa Orthodox, wale wasiojua nguruwe ananukaje, wanaanguka kifafa na vifuko viko kichwani. Walipofuatilia wakaangalia wafanyakazi wa ndani, wengi wametoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu yupo, ndo waliokuwa wanapika kwenye hizo nyumba. Kesi iliandikwa 1992. Asiyekula kitimoto anajikinga na tegu wa tumboni, huyu wa kichwani anategemea nani kashika chakula chako.

Na wewe Mtoto wa Getini, vifuko hivi havili ubongo. Vinakaa, vinabana, na kikianza kufa mwili unakishtukia unakivamia, panavimba, uvimbe huo ndo unaleta kichwa kuuma na kifafa. Kikiwa hai kinajificha vizuri sana mwili haukioni. Ndo maana mtu anaweza kumeza mayai leo akaanguka miaka mitano baadae. Wapo wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India enzi za ukoloni, wamerudi kwao ambako tegu hayupo ndo wakaanza kuanguka, walipopiga hesabu wengi dalili zilikuja ndani ya miaka saba toka kuambukizwa.

Binti Pangani

Haya nimekaa kimya nimesoma. Kwahiyo ata mimi nikila chipsi na kachumbari ya mtu nisiyemjua 😳

Tabibu wa Zahanati

Ndiyo dada, na kachumbari ndo hatari kuliko chipsi, chipsi zimepita kwenye mafuta ya moto.

Seremala_Mby

Tabibu ubarikiwe, nimesoma mara tatu. Kwahiyo skeni haijakosea. Sasa swali jingine, jamaa wa duka la dawa hapa mtaani kaniambia hiyo ni minyoo tu, nimpe albendazoli ile ya kutafuna anywe hata siku tano mfululizo itakufa yote. Ni sawa? Maana Alhamisi naiona mbali, jana usiku mkono umerukaruka tena dakika moja hivi.

Tabibu wa Zahanati

USIMPE. Tena kama umeshanunua weka juu ya kabati.

Dawa ni hiyohiyo kweli lakini sio namna hiyo. Ile ya miligramu 400 mara moja ni ya minyoo ya tumbo. Kwa kichwa inapigwa kwa uzito wa mtu, siku kumi au wiki mbili na zaidi, wakati mwingine inachanganywa na prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo, na kabla ya yote anaanzishiwa dawa ya kutuliza uvimbe, deksamethasoni au predinisoloni. Nimeshasema kifuko kikifa panavimba. Sasa wewe ukiviua kiholela bila hiyo dawa ya uvimbe unaweza ukamtumbukiza kwenye degedege zisizokatika, ukakimbia naye usiku. Alafu kuna wengine vifuko vimejaa kichwa kizima au vimeziba njia ya maji ya ubongo, hao hawapewi kabisa dawa ya kuua mpaka bingwa aseme, na wengine wanafanyiwa upasuaji. Na macho yanaangaliwa kwanza, kifuko kikiwa ndani ya jicho kikafa jicho linaweza kwenda.

Vile vitatu vya chokaa vimeshakufa siku nyingi, havihitaji dawa ya minyoo, hiyo ni makovu. Mjadala wa Alhamisi ni kile kimoja chenye maji.

Akianguka tena: mlaze ubavu, toa vitu vya kumgonga, legeza shati, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni wala usimshikilie. Ikipita dakika tano haijakata tafuta gari. Na dawa za kifafa asiruke hata siku moja, wengi wanazirukaga wakijiona wako poa.

Mama Dee

Nimeona huu uzi nikasema leo naandika. Mimi nimetoka Mbulu, nilianza kuanguka nikiwa na miaka 19, miaka saba nimeanguka bila dawa. Nyumbani walikuwa wanasema nikianguka mtu asinisogelee mpaka nimalize kwasababu ukiguswa na mate au nikijamba ukavuta basi kifafa kimehamia kwako. Nisamehe lugha lakini ndivyo walivyosema na watu wazima wanaamini. Siku moja nimeangukia jiko la mafiga matatu, mama alikuwa shambani, waliokuwepo wamesimama mlangoni WANANIANGALIA, mkono wa kushoto ule haunyooki mpaka leo. Kikombe changu peke yangu, sahani yangu peke yangu. Mchumba aliyekuja na barua ndugu zake walivyosikia wakairudisha barua.

Kilichonitoa ni nesi mmoja alikuja kijijini na gari ya chanjo za watoto, akamuuliza mama huyu anaumwa nini, akatwambia hiki kitu kina dawa. Nilipopigwa skeni vilikuwa vifuko vimeshakauka, wakanipa kabamazepini nameza mpaka leo, huu ni mwaka wa sita sijaanguka. Nina mtoto, nina genge langu la mboga. Kifafa HAKIAMBUKIZI kwa mate, mdogo wako msitenge hata kijiko.

Halafu kaka naomba nikuulize kitu usinichukie. Hapo nyumbani kwenu nani anapika?

Afisa Mifugo Mstaafu

Hapo kwa Mama Dee namuunga mkono, na huko Mbulu watafiti wa hospitali ya Haydom wamelifuatilia sana jambo hili la kifafa na tegu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwenye maeneo ambayo tegu huyu yupo, kama asilimia 30 ya kifafa kinatokana naye. Asilimia thelathini wazee, hicho ni kifafa cha kuzuia kabisa.

Nije kwenye upande wangu wa nguruwe. Nimekagua nyama miaka mingi. Nguruwe anayefungiwa bandani akalishwa pumba hapati hiki kitu kirahisi, anayepata ni yule mnayemwachia azurure baada ya mavuno, wewe unajisaidia kwenye migomba yeye yuko nyuma yako anasubiri. Kumtambua akiwa hai tunambana mdomo kwa mti, tunavuta ulimi kwa kitambaa tunapapasa chini yake, ukisikia vipunje vigumu vinateleza huyo anavyo. Ila ulimi ukiwa safi usifurahi sana, njia hiyo inakamata wale waliojaa tu, mwenye vichache anapita. Kwenye nyama vinaonekana kama punje za mchele au za mahindi machanga zimetawanyika kwenye msuli, na ndani kuna kidoti cheupe.

Sasa shida ya wafugaji wetu, na hili lilikuwa linaniumiza, akishapapasa akaona vipo haleti machinjioni. Anajua nitaimwaga yote. Anamchinja usiku nyuma ya nyumba, anauza kwa bei ya chini, na aliyenunua kwa bei ya chini ni mwenye banda la kuchoma, anakukatia vipande vinene, moto mkali, nje rangi ya dhahabu ndani bado pinki, na pilipili nyingi usione. Mkuu Seremala unayesema una kilo yako Jumamosi, ukiona pinki katikati rudisha jikoni, hata wakikuita mshamba.

Dawa ya nguruwe ipo, oksfendazoli, dozi moja tu miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito inaua vifuko kwenye nyama, ila asichinjwe karibuni baada ya kupewa. Na chanjo ya nguruwe ipo inaitwa TSOL18. Vikienda pamoja nguruwe wanasafika. Lakini mfugaji wa nguruwe wawili anaona hiyo ni gharama kwa ugonjwa ambao nguruwe mwenyewe wala haumwi, ananenepa tu vizuri.

Omondi wa Mpaka

Niaje wadau, mimi niko Busia hii ya Kenya, huku pia nguruwe wanatembea kama mbuzi. Lakini mimi nataka kuuliza ile story ya Australia ni true? Ati mama alitolewa mnyoo mzima kichwani ikiwa bado inacheza? Ama ni zile za mtandao tu.

Tabibu wa Zahanati

Ni kweli kabisa Omondi. Mama wa miaka 64, walimfanyia upasuaji Canberra mwaka 2022, habari ikatoka 2023. Daktari alidhani anavuta kitu cha kawaida akatoa mnyoo wa sentimita 8 mwekundu anajikunjakunja. Huyo sio tegu, ni mnyoo wa chatu, anaitwa Ophidascaris robertsi, na alikuwa wa kwanza kupatikana kwa binadamu. Huyo mama alikuwa anachuma mboga za mwituni kando ya ziwa karibu na kwake, chatu wanapita hapo wanajisaidia, na waliomtibu wanaona mayai aliyapatia kwenye hizo mboga au mikononi. Kwahiyo chatu au binadamu stori ni ileile, mavi na mboga.

Na sio hao tu. Kichocho kwa nadra mayai yake yanaweza kwenda kwenye uti wa mgongo au ubongo, mtu wa kanda ya ziwa anaamka miguu haina nguvu. Wale wa Turkana wenye vifuko vya maji vinavyotokana na tegu wa mbwa, vingi vinakaa kwenye ini ila vichache vinafika kichwani.

Mpogoro Original

Na sisi wa Mahenge mnatusahau. Kwetu kifafa ni kingi toka enzi za babu zetu, mpaka yule daktari mama wa Kinorwe Louise Jilek-Aall akaanzisha kliniki kabisa ya kifafa kule, miaka ya 1960 hiyo. Wapo watoto wanainamisha kichwa kama wanasinzia wakiwa wanakula, baadae wanadumaa. Watafiti wamekihusisha na usubi, wale inzi weusi wa mtoni wanaoleta upofu. Sasa Tabibu huo nao ni mnyoo kichwani?

Tabibu wa Zahanati

Mpogoro, mnyoo wa usubi makao yake ni ngozi na macho, kichwani humo hawajaukuta kama huyu tegu. Ila penye usubi mwingi kifafa hicho nacho kinakuwa kingi, Mahenge na kule kaskazini ya Uganda pia. Hizo dawa za usubi wanazogawa bure kijijini mezeni, msizirudishe kwenye ndoo kama nilivyoona watu wanafanya.

Mama Dee

Seremala hujanijibu nani anapika 🙂

Seremala_Mby

Wakuu nimepotea siku tatu, samahani. Alhamisi tulienda, bingwa kamwangalia mpaka macho, macho safi. Amelazwa kidogo, kaanzishiwa ile ya uvimbe kwanza alafu ndo albendazoli, wodini wanamwangalia wenyewe. Toka juzi mkono umetulia. Bi mkubwa kapanda basi kaja, amekaa pembeni ya kitanda anaimba nyimbo za kanisani na mjomba kapigiwa simu kaambiwa mbuzi wake amlishe.

Sasa Mama Dee. Hilo swali lako nililiona siku ileile nikajifanya sijaliona.

Napika mimi. Dogo anarudi usiku amechoka, kwahiyo toka tuhamie hapa miaka mitano yote napika mimi, ugali, maharage, na kachumbari kila siku kwasababu dogo bila kachumbari hali. Choo chetu ni cha nje tunachangia wapangaji, maji ya kunawa hayapo pale, yako ndani kwenye ndoo. Mnanielewa.

Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Kama mwaka na nusu sasa huwa naona chooni vitu vyeupe bapa, kama tambi zile pana zimekatwakatwa, mara moja moja, siku nyingine naikuta kwenye nguo ya ndani na inajivuta. Nilijua ni chakula. Baadae nikajua sio chakula ila nikaona aibu, mtu mzima na ndevu utamwambia nani una minyoo. Nikanywa ile ya kutafuna mara moja, ikapotea wiki mbili ikarudi.

Tabibu niambie tu ukweli, ni mimi?

Tabibu wa Zahanati

Mkuu, hizo ni pingili. Choo kitapimwa ndo tuseme kwa uhakika, lakini mimi sina shaka sana.

Nenda hapohapo alipolazwa dogo, waambie nilivyokuambia na uwaelezee kama ulivyotuelezea sisi. Usijinunulie prazikwanteli dukani, mwenye tegu tumboni anaweza akawa amejilisha mayai yake mwenyewe na ana vifuko bila kujua, prazikwanteli inafika mpaka kichwani na inaweza ikakuangusha. Waambie hilo, watakuuliza kama kichwa kinauma au umewahi kuanguka. Ipo nyingine niklosamidi, yenyewe inabaki tumboni hainyonywi na mwili, wataamua wao. Na wapangaji wenzako wanaochangia hicho choo nao wapime.

Na wala usijilaumu mpaka ukakimbia nyumbani, hukumwekea makusudi. Kata kucha, weka ndoo ya maji na sabuni pale mlangoni mwa choo leo hii, sio kesho.

Mama Dee

Asante kwa kusema kaka. Mimi kwetu hatukuwahi kujua alikuwa nani.

Seremala_Mby

Ndoo nimeweka, ya lita kumi, nimeitoboa nikaipigia koki ya mbao mwenyewe. Kikopo cha choo nimepeleka leo asubuhi nimefunga na gazeti mara nne kama mwizi, nesi akacheka akasema baba hii ni ya kawaida. Majibu kesho.

Dogo nimemwambia jana jioni. Alikaa kimya, alafu akauliza kwahiyo miaka yote hiyo nimekataa sufuria bure? Tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Wameshamruhusu, tuko nyumbani, kachumbari ya leo kakata yeye.